Walinitafutia Ugonjwa

Kaka yangu aliposikia kwamba nimeamini, aliniuliza nani amekufa.

Hakuuliza kwa kejeli, na hilo ndilo lililonichoma. Aliuliza kwa sauti ya chini, amenielekezea uso wote, kama mtu anayetoa pole msibani. Tulikuwa nyumbani kwake Kilifi, ng'ambo ya feri, Jumapili mchana. Wali ulikuwa umekwisha, samaki wamebaki miiba, na mkewe alikuwa anamenya machungwa. Walikuwapo pia walimu wenzake wawili. Nilikuwa nimekaa nalo jambo langu tangu asubuhi, na niliposhindwa kulimeza zaidi nikasema: mwisho wa mwezi nitabatizwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu."

"Basi una nini?"

Una nini. Leo nina wajukuu, na bado nikilikumbuka swali hilo shingo yanipata moto. Angeuliza kwa nini, ningemjibu mpaka magharibi. Lakini hakuna aulizaye kwa nini kwa mtu mwenye homa. Huulizwa inauma wapi, imeanza lini.

Mmoja wa wale walimu, mtu mpole wa kutoka bara, akasema, "Si vibaya. Kanisani kuna watu. Mtu akiwa peke yake huko Malindi atahitaji wenzake."

Shemeji yangu akanipa kipande cha chungwa na kuniambia, kama anayemtuliza mtoto, "Ni tangu yule bwana alipokuacha. Tuliona umebadilika."

Yule bwana, mchumba wangu, hakuniacha. Mimi ndiye niliyemwacha, na wote waliokuwa pale walilijua hilo. Mahari ilirudishwa mbele yao kwa sababu mimi nilikataa. Lakini hadithi yao ilihitaji mwanamke aliyeachwa, basi wakaniacha wao wenyewe, pale pale, huku wanakula machungwa.

Nikamwambia kaka yangu, "Niulize sababu."

"Sababu naiona," akasema. "Kunywa chai."

Ili hasira yangu ieleweke, lazima nimweleze yeye. Baba yetu alikufa mimi nikiwa bado shule ya msingi, na kaka, aliye mkubwa wetu, akawa baba. Alinilipia shule, alinichapa nilipostahili, na alikuwa wa kwanza kutoka upande wetu wa Kakuyuni kwenda chuo kikuu. Aliporudi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, walimngoja kwa jambo moja. Nyumbani kwetu kuna koma, vile vigingi vya mti vinavyosimikwa kwa ajili ya wazee waliotangulia. Kila baada ya mavuno hutiwa tembo la mnazi chini yake na majina yao yakatajwa. Mwaka ule kibuyu kilikuwa chake. Yeye akasimama mbele ya ami zetu akasema hatamimina. Alisema amesoma, amefikiri, hakuona sababu ya kuamini kwamba wafu wanakunywa. Akaongeza kwamba hata ya makanisani na misikitini ameyapima, nayo ni yale yale kwa nguo nyingine.

Ami mmoja alitema mate chini. Mama alilia. Lakini kabla jua halijatua, maneno yaliyokuwa yakizunguka uani yalikuwa haya tu: amesoma. Waliomchukia kwa aliyosema hawakuwa na shaka kwamba yametoka kichwani mwake. Hakuna aliyemuuliza nani amekufa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya yule msichana wa Nairobi aliyemtupa mwaka ule ule kwa ajili ya mhandisi, ingawa mimi nilijua habari hiyo, na mama alijua, na ilikuwa imemkondesha hata suruali zikamvuka. Alikuwa mwanamume aliyevunjika moyo, na tena alikuwa mwanamume aliyefikiri. Watu waliona mambo yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila shida.

Mimi nilimfuata. Nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Alinifundisha kuuliza "umejuaje?" kila nilipoambiwa jambo, na nilipopata kazi ya ukalimani mahakamani Malindi nilikwenda nayo hiyo silaha mfukoni. Kazi yangu ilikuwa kugeuza Kigiriama cha mashahidi kuwa Kiingereza cha hakimu, na cha hakimu kuwa cha mashahidi. Ukifanya kazi hiyo miaka, unajifunza kusikiliza. Niliwasikia mashahidi waliofundishwa nyumbani: watatu wakisema kwa maneno yale yale, mpaka kikohozi kinaanguka mahali pamoja. Niliwasikia pia waliokuwa wameona kweli. Huyu anasema mbuzi alikuwa amefungwa mkorosho wa mbele, yule anasema wa nyuma, lakini mbuzi alikuwapo na mwizi alikuwapo, na ukiwagonga vipi hawatoki hapo.

Kulikuwa na mpiga chapa pale ofisini, mlokole, aliyekuwa akiniachia karatasi za wokovu juu ya meza. Zilinikera. Nilitaka kumnyamazisha kabisa, si kwa ukali bali kwa hoja, asirudi tena. Nikamwomba kaka silaha. Akaniambia kwa ufupi kwamba Injili ziliandikwa na watu waliotaka kuaminiwa. Lilimtosha yeye, lakini halikunitosha mimi, maana kila shahidi niliyemkalimania alitaka kuaminiwa, mkweli na mwongo. Nikaona bora nizisome mwenyewe.

Nilizisoma kama nilivyosoma majalada ya kesi, kwa nia ya kutafuta ufa. Nyufa zilikuwapo. Zilikuwa zile za mkorosho wa mbele na mkorosho wa nyuma. Sitaki kumhubiria mtu hapa, na wala sitayataja yote, lakini nitataja moja nisije nikaambiwa nimeficha. Habari ya kaburi tupu inaletwa kwanza na wanawake. Mimi nilikuwa mwanamke niliyesimama kila siku kando ya kizimba. Niliona jinsi ushahidi wa mwanamke ulivyopokelewa, jinsi wazee walivyotazamana, jinsi mume alivyoitwa aje aseme upya alichokwisha kusema mkewe. Na zamani zile ilikuwa zaidi. Mtu anayetunga habari ili aaminiwe hamtangulizi shahidi ambaye baraza litamcheka.

Hilo peke yake halikunipeleka popote. Nilikwenda kwa kaka nikaazima vitabu vyake vya kupinga dini, akafurahi kuniona navyo mkononi. Nilivisoma vyote. Baadhi ya hoja zake zilikuwa nzito na nilikaa nazo miezi. Kwamba waliokufa hawafufuki nilijua, nilishazika. Sikuliruka pingamizi hilo. Nilililalia na kuliamkia, na mara nyingi lilinishinda nikaacha kusoma kabisa, nikarudi kwenye maisha yangu, kisha nikavutwa tena.

Siku niliyokubali haikuwa na ndoto wala sauti. Nilikuwa nafua uani, mikono imo kwenye povu, nikatambua kwamba kwa muda sasa nilikuwa nikiwajibu wapinzani kama mtu aliye upande wa pili. Sikufurahi. Niliwaza: kaka atasema nini.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba kwake, mtaa wa Shela hapo Malindi, naye alikuwa mjane wa Kibajuni, Mwislamu wa swala zote. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo?"

Nikamweleza. Alisimamisha ungo. Nilidhani atanihamisha.

"Wasema alikufa msalabani, kisha akafufuka."

"Ndiyo, Bibi."

"Sisi twasema hakufa. Hawakumuua. Basi mmoja wetu amekosea, na si mimi. Hebu keti, unambie umelipata wapi hilo."

Nikaketi. Alinihoji kwa ukali kuliko wakili yeyote niliyemwona, na kila nilipojibu alikuwa na la kuongeza. Tulipomaliza, mchele ulikuwa bado na mawe nusu ungo. Aliniambia nimepotea na kwamba ataniombea nirudi njia iliyonyooka. Niliingia chumbani nikalia kwa shukrani. Alikuwa amenitendea kama mtu mwenye akili aliyekosea. Sikujua siku hiyo kwamba heshima hiyo nitaikosa kwa ndugu yangu wa damu.

Baada ya mchana ule wa Kilifi, habari ilienea, na kila aliyeipokea aliipa dawa yake. Ofisini, karani mmoja aliyejisifu kwamba haamini chochote aliuliza kama ni mchungaji kijana ninayemtaka. Rafiki yangu wa shule, aliyekuwa mwuguzi hospitalini, akanishauri nipumzike, maana kesi za mauaji humchosha mtu kichwa. Mama, huko Kakuyuni, alikwenda kwa mganga akaambiwa ni pepo wa pwani aliyenipata nikioga baharini. Mama simlaumu. Yeye angalau alidhani kuna kitu kimekuja kutoka nje na kunikuta. Wale wengine, waliojiita watu wa hoja, walikuwa wameona mtu anakuja na hoja wakamtazama ulimi na macho kama nesi.

Hata kanisani sikupona. Mchungaji alitaka nitoe ushuhuda kabla ya ubatizo. Nikasimama nikasema nimesoma, nimepima, nimeona ni kweli. Mtu akakohoa. Mchungaji akauliza kwa upole kama hakuna lolote zaidi, labda ugonjwa, labda ndoto. Nikasema hakuna. Jumapili iliyofuata nikamsikia akiwaambia wageni kwamba Bwana alimtoa dada huyu katika huzuni kubwa. Nilikaa kwenye benchi nikasaga meno. Lakini kwake hasira yangu ilipita upesi, kwa kuwa yeye hakuwahi kunifundisha kuuliza umejuaje.

Tulibatizwa Dabaso, kwenye maji ya Mida, mahali mikoko ilipoacha uwazi. Mama alikuja na leso mpya, akasimama mbali, akatazama maji zaidi kuliko alivyonitazama mimi. Kaka hakuja. Alituma salamu kwamba ananitakia nafuu.

Nafuu. Ndivyo alivyosema, na mama akaniletea neno hilo kama alivyopewa.

Mwaka uliofuata, mama alinituma Kilifi nimpelekee kaka mahindi mabichi kutoka shambani. Nilivuka kwa feri asubuhi, nikafika nyumbani kwake, mkewe akaniambia yuko shuleni, ana wanafunzi wa mdahalo. Nikaenda huko huko na kikapu changu. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilipokaribia nikaisikia sauti yake, ile sauti nzuri ya mwalimu iliyonilea, nikasimama chini ya dirisha ili nisimkatize.

Alikuwa anawaeleza kwa nini watu wanaamini. Alisema wachache sana huamini kwa ushahidi. Wengi huamini kwa sababu ya woga, mazoea au maumivu. Akasema atawapa mfano wa kweli. Akasema anamjua dada mmoja, mwerevu, msomi, aliyekuwa na akili huru kuliko wanaume wengi. Akaachwa na mchumba wake. Huzuni ikamla, na mtu aliyeumizwa, akasema, haulizi tena kama daraja ni imara, anavuka tu. Wanafunzi waliandika. Nilizisikia kalamu.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka kwamba nilikuwa mlangoni, kikapu kimo begani, na darasa zima limesimama kwa adabu kama wanavyosimama kwa mgeni.

"Ketini," nikawaambia. Kisha nikamwambia yeye, "Mwalimu, naomba swali moja."

Uso wake ulibadilika rangi. "Uliza," akasema.

"Huyo dada. Ulimuuliza yeye mwenyewe kwa nini aliamini?"

Wanafunzi walitutazama mmoja mmoja. Nadhani walikuwa wameshaelewa, kwa kuwa tunafanana pua.

"Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha watu kuuliza umejuaje. Nami nauliza. Umejuaje?"

"Kipindi kimekwisha," akawaambia. Hakikuwa kimekwisha. Wakatoka kwa kunyata.

Tukatoka nje nyuma ya darasa, penye kivuli cha ukuta. Nilimwambia mambo niliyokuwa nimeyaweka tangu siku ya machungwa. Nilimwambia kwamba alipoikataa koma hakuna aliyesema ni kwa ajili ya yule msichana wa Nairobi. Nilimwambia tulimwacha awe na huzuni yake na akili yake pia, na mimi ameninyima kimoja. Nilimwambia kwamba mjane wa Kibajuni anayeniona kafiri amenikalisha chini na kunihoji, na yeye mwalimu aliyesoma chuo kikuu amenipa chai.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado. Lakini sema."

Aliukwaruza ukuta kwa ukucha. "Wewe nilikufundisha mimi," akasema. "Nikikuuliza sababu, ukinipa sababu mbovu, nitakudharau, na sitaki kukudharau. Ukinipa nzuri, itanibidi nianze upya, na mimi nimechoka, sina nguvu za kuanza upya. Afadhali uwe na huzuni tu. Mwenye huzuni nitampenda bila taabu."

Alidhani neno hilo litanilainisha. Pengine lingemlainisha mwingine. Mimi niliona moto mtupu. Nilimwambia kwamba hiyo si kupenda, ni kunizika nikiwa hai, na kwamba afadhali anidharau. Nikautua mzigo wa mahindi miguuni pake nikaenda zangu kwenye feri.

Hatukusemeshana kwa muda mrefu, ila salamu za misibani. Mama aliumia kwa hilo, na mara mbili alijaribu kutukutanisha kwa hila akashindwa. Kwenye mazishi ya ami yetu wa Marafa tulichota mchanga kwa koleo moja, tukapokezana bila kutazamana.

Kisha mchana mmoja alikuja Malindi. Bibi alimfungulia mlango, akamkaribisha, akaniita. Kaka aliketi barazani na kikombe cha kahawa, akasema, "Haya. Nimekuja. Nieleze."

Nikaanza. Nilikuwa nimengoja miaka na maneno yalitoka yamejipanga. Alisikiliza vizuri mpaka nikafika katikati, halafu nikauona ule uso ukija. Nyusi zikalegea, kichwa kikaenda upande, na macho yakajaa huruma. Alikuwa ameshaacha kusikiliza niliyosema, ananisikiliza mimi tu.

"Nimeelewa," akasema. "Nadhani ulihitaji kitu cha kushika wakati ule."

Nikasimama nikakichukua kikombe mkononi mwake.

"Sijamaliza," akasema.

"Umemaliza, kaka. Safari njema."

Bibi alinigombeza. Alisema mgeni haondolewi kikombe hata angekuwa nani, na alisema kweli. Sikumtaka radhi kaka, na mpaka leo sijafanya hivyo.

Nilidhani ndio mwisho. Lakini haukupita mwezi, akarudi, siku ya kazi, amevuka feri baada ya vipindi vya asubuhi. Nilikuwa nimekuja kula chakula cha mchana. Hakuingia. Alisimama penye kizingiti, jasho linamtiririka, bila kunisalimu.

"Wale wanawake wako," akasema. "Umejenga sana juu yao. Lakini habari yenyewe imetufikia kupitia wanaume. Unajuaje kwamba hawakuwekwa pale makusudi, na mtu mjanja aliyejua kwamba wewe utafikiri hivyo hivyo unavyofikiri?"

Lilikuwa swali gumu. Nilikuwa na jibu, lakini si jibu zuri, na nilipolisema niliona linavyochechemea. Akalikamata hapo hapo. Nikampa jingine. Akasema hilo ni afadhali lakini halifiki. Akapandisha sauti, nami nikapandisha. Alininyooshea vidole usoni kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa msichana nikikosea hesabu, akaniambia nimekuwa mzembe hapa na hapa, na pale nimeshikilia kitu ambacho hata yeye hawezi kukiondoa upesi. Jirani alitoka kutazama kama kuna ugomvi. Bibi akamwambia, "Waache. Wazungumza."

Nilichelewa kurudi mahakamani na hakimu alinikemea. Kaka hakuamini siku ile, na hajaamini mpaka sasa. Bado ananiambia nimekosea, na siku hizi ananiambia nimekosea wapi. Tumezeeka tukibishana, na kila mmoja wetu ameshamnyang'anya mwenzake hoja mbili tatu alizozipenda.

Watu husema basi nisahau yaliyopita. Nimejaribu. Lakini miaka ile kabla hajaja kusimama kizingitini bado inanikaa kifuani. Juzi tu mjukuu wangu aliyesoma Nairobi alinisikiliza kidogo nikieleza kwa nini naamini, akanishika mkono na kuniuliza kama ni kwa sababu babu yake, mume niliyeolewa naye miaka baada ya kubatizwa, alifariki mapema. Nilimwambia aketi, avute kiti karibu, na hakuna atakayeondoka hapa mpaka aniulize vizuri.